Nani Aliliweka Jiwe Juu ya Malenge ya Mama

Mzee wa kijiji alilisogeza lile jiwe kwa ncha ya akala yake. Nilimwona. Hakuinama wala hakulitazama. Aliliviringisha pembeni jinsi mtu anavyosukuma kinyesi cha kuku njiani, ndipo akageuka akawaita wengine waliokuwa bado upande ule mwingine wa ua.

"Njooni muone," alisema. "Huyu mama amepanda."

Wakaja. Baba mdogo mbele, mke wake nyuma akiwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, halafu wazee watatu walioitwa kuwa mashahidi, halafu majirani. Mama yangu alikuja mwisho. Mzee wa kijiji akaushika mkono wa malenge, maana hivyo ndivyo sisi tulivyoliita lile shina refu linalotambaa, akauvuta juu polepole. Ardhi ikainuka nao kidogo, kisha ikaachia, na mzizi ukatoka. Ulikuwa mweupe, mrefu kama kutoka kiwiko changu hadi kwenye vidole, na nyuzi zake ndogo zilikuwa zimekamata udongo kama mtoto aliyekamata leso ya mamake sokoni.

Hata wale waliokuja kucheka walisogea kuutazama. Nilikuwa na miaka kumi, nilijua tumekwisha, na bado nilitaka kuugusa ule mzizi. Sijapata kuona tena kitu cheupe namna ile kikitoka mahali peusi namna ile.

"Nani amepanda hii?" baba mdogo akauliza.

"Sijapanda, shemeji," mama akasema.

"Basi imejipanda yenyewe. Imechukua jembe ikaja."

Watu wakacheka. Mimi nikasema, "Kulikuwa na jiwe juu yake." Mke wa baba mdogo akanigeukia. "Wewe mtoto, watu wazima wanaongea."

Nikanyamaza. Leo nina nywele nyeupe na meno machache, na nimeishia darasa la nne, lakini nataka kuyamaliza yale maneno niliyoyaanza siku ile.

Sitaji jina la mtu. Nitataja kila mmoja kwa cheo chake, na wanaojijua watajijua.

Baba yangu alikufa kwa kifua miaka ile ya kwanza ya Uhuru. Alikuwa kibarua wa reli, na nyumbani kwetu kulikuwa Moding, kwenye shamba la pamba, wimbi na muhogo. Tulikuwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Matanga yalipoisha, baba mdogo, yaani ndugu yake baba aliyemfuata kwa kuzaliwa, alikuja kumrithi mama kama desturi ilivyo. Mama akakataa. Hakutukana mtu. Alisema tu, "Nimeolewa mara moja, imenitosha."

Baba mdogo akachukua shamba. Ukoo ulimwambia hawezi kuwatupa watoto wa ndugu yake barabarani, kwa hivyo akatupatia chumba kimoja nyuma ya ploti aliyoiacha baba pale Malaba, juu kidogo ya mahali malori yalipokuwa yanasimama kabla ya kuvuka kwenda Uganda. Yeye na mke wake walikaa nyumba ya mbele. Kati yetu na wao kulikuwa na ua wa miti ya maziwa. Akampa mama sharti moja, mbele ya mzee wa kijiji: "Jembe lako lisiguse udongo wa ndugu yangu."

Mtu wa mbali anaweza kudhani huo ni uchoyo tu wa ardhi. Kwetu mbegu ni neno. Mjane akipanda kwenye udongo wa ukoo, hata mstari mmoja wa kunde, amesema ndiyo. Amerudi nyumbani, na mrithi anaweza kuingia mlangoni pake bila kubisha. Akikataa kurithiwa, asipande. Akipanda na bado akakataa, anaondoka, na hakuna mzee atakayemtetea. Mama alijua hayo kuliko mtu yeyote, maana mamake mwenyewe alirudishwa kwa mtu asiyempenda kwa sababu ya mstari wa viazi.

Kwa hivyo tulikaa pale kama wageni. Mama alikwenda kulima kwa watu, akapewa chakula, akarudi jioni na mboga zilizokwisha kunyauka. Asubuhi alifagia ule uwanja mbele ya mlango wetu mpaka ukang'aa. Nilimwona mara nyingi akisimamisha ufagio na kuangalia udongo. Mwanamke aliyejua kulima kabla ya kujua kusuka nywele, na sasa anafagia ardhi kama saruji.

Kilichombadilisha ni maua. Siku moja tulipita stesheni ya reli. Mkubwa wa stesheni alikuwa Mhindi, na mke wake alikuwa amepanda maua mekundu ndani ya matairi yaliyopakwa chokaa. Matairi yenyewe yalikuwa yamegeuzwa ndani nje, yamefunguka juu kama bakuli lenye mdomo wa mawimbi, na yamewekwa juu ya matofali. Mama akasimama. Treni ya mizigo ikaja, ikapita yote mpaka behewa la mwisho ikielekea Tororo, na yeye bado amesimama.

"Mama, tunaangalia nini?"

"Yale maua yanakaa wapi?"

"Kwenye tairi."

"Na tairi inakaa wapi?"

"Juu ya matofali."

"Basi hayakai chini," akasema, na akaanza kutembea haraka mpaka ikabidi nikimbie.

Siku hizo barabara ilikuwa ya vumbi na mawe, na malori yalipasua matairi kila siku. Mafundi wa akala, wale wanaotengeneza viatu vya matairi, walichukua yaliyo mazuri, mengine yaliachwa mtaroni. Mama alimwendea dereva mmoja aliyekuwa anabadilisha gurudumu, yeye na tanboi wake, yaani utingo, wamelala chini ya lori.

"Baba, hilo la zamani unalitupa?"

Dereva akatoa kichwa. Alikuwa mtu wa pwani kwa jinsi alivyosema. "Mama, hili ukilichemsha mwaka mzima haliivi."

"Likiiva nitakuita."

"Uniite nikiwa na meno bado."

Tulilisukuma nyumbani, mimi upande huu, yeye upande ule, na mdogo wangu akikimbia mbele kuwafukuza kuku. Watu walitoka milangoni kutuangalia. Mke wa baba mdogo aliuliza kama sasa tumenunua lori kipande kipande.

Nitaeleza ile kazi, kwa sababu niliiona kwa macho yangu na mpaka leo sijui nguvu ile alitoa wapi. Kwanza alichagua lisilo na waya nyingi. Akanoa kisu juu ya jiwe, akakipaka maji ya sabuni, akachoma ubavu wa tairi na kuanza kukata kuzunguka. Kila kisu kilipogoma, maji ya sabuni tena, kikateleza. Ubavu mmoja ukatoka wote kama mkufu mweusi. Halafu akaliacha juani tangu asubuhi mpaka saa saba, mpaka likawa la moto hata huwezi kuliwekea mkono. Ndipo akapanda juu yake, akakanyaga ukingo mmoja kwa miguu yote miwili, akashika ukingo wa pili kwa matambara, akavuta kuelekea kwake.

Mara ya kwanza tairi lilirudi kwa nguvu likamtupa mgongo chini. Nikadhani ameumia. Alikuwa anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu matanga.

Mara ya tatu lilikubali. Mahali pamoja paligeuka, halafu pa pili, halafu likajigeuza lenyewe kwa sauti kama ya mtu mzito anayeketi. Kilichokuwa ndani kikawa nje. Pale mbele yetu kukawa na chombo kikubwa, cheusi, laini, ambacho dakika moja kabla hakikuwako. Mdogo wangu akaingia ndani yake akakaa, akakataa kutoka.

Mama alikunjua debe la mafuta ya taa, akalipigapiga likawa bapa, akalitoboa kwa msumari matundu madogo madogo, akaziba nalo tundu la chini. Udongo hakuuchukua uwanjani, hata konzi moja. Tuliubeba kwa beseni kutoka mtoni, ule mweusi wa kinamasi, kwa sababu udongo wa mto hauna mwenyewe. Akachanganya na mavi ya ng'ombe na majivu. Kisha akaweka mafiga matatu, kama ya kupikia, na tairi likakaa juu ya mafiga. Mtoto angeweza kupitisha mkono chini yake, upande huu hadi upande ule, bila kugusa kitu.

Sukuma wiki ilipoota, baba mdogo alimleta mzee wa kijiji. Mzee alizunguka lile tairi mara mbili. Akachukua fimbo yake akaipitisha chini. Ikatokea upande wa pili, safi.

"Ulipewa sharti gani, mama?"

"Jembe langu lisiguse udongo wa mume wangu, mzee."

"Na hapa jembe lako liko wapi?"

"Sina jembe. Nina kijiko."

Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. Akamwambia baba mdogo, "Kijana, huyu amepanda hewani. Na hewa sio ya ukoo." Mama akamfungia mboga kwenye jani la mgomba, akaenda nazo.

Nakumbuka maneno hayo vizuri. Nataka na yeye ayakumbuke.

Mwaka uliofuata tulikuwa na matairi tisa. Sukuma, sagaa, mrenda, kunde, dania, vitunguu vya majani, na nyanya zilizofungwa kwenye vijiti. Wakati wa kiangazi, Malaba yote ikiwa rangi ya vumbi la malori, uwanja wetu ulikuwa kijani mpaka macho yanauma. Mama alimwagilia maji ya kuoshea vyombo na maji ya kuoshea sisi. Hakuna tone lililokwenda bure. Asubuhi niliamka nikakuta umande umekaa kwenye majani ya sukuma, mviringo mviringo, na mpira mweusi chini yake unatoa mvuke mwembamba jua likiupiga. Nilikuwa nasimama pale nimesahau hata kunawa uso. Kitu kilichozunguka barabarani kutoka sijui wapi mpaka sijui wapi kikiwa kimebeba mizigo ya watu, sasa kimetulia, kimebeba nyanya.

Watu waliotoka kanisani walipitia kwetu kama wanaokwenda kuona mtoto mchanga. Bibi mmoja Mteso aliweka kiganja kwenye tairi, akaliambia asante kwa lugha yake, kisha akamgeukia mama. "Mwanangu, umefanya mpira uzae." Yule dereva wa pwani naye alirudi, akalitambua tairi lake kwa kiraka.

"Hili limenipeleka Kampala sijui mara ngapi," alisema, "na halijanipa hata jani moja."

"Hukuliomba vizuri," mama akamjibu.

Bibi yule Mteso ndiye aliyetuletea mbegu za malenge. Mama aliziweka kwenye tairi kubwa kuliko yote, la nyuma ya lori. Na hapo ndipo nilipojua kwamba kuna mmea ambao haukai pale ulipowekwa. Sukuma inasimama. Malenge yanatembea. Jioni unaona mkono umefika kwenye ukingo wa tairi, asubuhi umeshuka, umenyoosha vidole vyake vya kujikunja, umekamata kijiti. Na kila kifundo kwenye ule mkono kina vichomozo vidogo vyeupe upande wa chini, kama meno ya mtoto. Vinatafuta ardhi. Kifundo kikilala juu ya udongo wenye maji siku kadhaa, kinatoa mzizi chenyewe.

Mama alinionyesha hivyo vichomozo akanipa kazi. "Kila asubuhi kabla ya shule, utaamsha malenge." Yaani niinue kila mkono, nihakikishe haujashika, niulaze juu ya fito alizozisimamisha. Niliifanya kazi hiyo kila siku aliyonipa Mungu. Nilijua kila kifundo. Nikiona kimeanza kushikilia vumbi, nilikiinua taratibu, na nilisikia kikiachia, pu, kama ulimi. Nilikihurumia. Kilikuwa kinataka kitu tulichokuwa tunataka sisi.

Mkono mmoja uliingia kwenye ua wa miti ya maziwa. Niliuona umekwea matawi, nikadhani umeishia humo. Sikupita upande wa pili kuangalia, kwa sababu upande wa pili ulikuwa kwa baba mdogo, nyuma ya bafu lao la makuti, na watoto tulikatazwa kupita isipokuwa Jumamosi tulipopewa ruhusa kuoga. Hilo ni kosa langu. Nalikubali. Sikulificha kwa mama na silifichi hapa.

Siku hizo baba mdogo alikuwa amebadilika. Alikuja jioni akaketi kwenye kigoda uwanjani kwetu, akaangalia mboga.

"Shemeji, mwanamke anayelima hivi anakaaje bila shamba?"

"Anakaa hivi unavyoona."

"Moding kuna shamba linalokungoja."

"Linaningoja na nani?"

Ng'ambo ya ua mke wake alikuwa anaosha vyombo, na vyombo vilinyamaza.

Wiki mbili baadaye wakaitwa wale wazee watatu. Waliambiwa mjane amepanda kwenye udongo wa ukoo, nyuma ya bafu, ambako maji yanamwagika. Mimi nilipenya kwenye ua kwa sababu nilikuwa mdogo, nikafika kabla ya wote isipokuwa mzee wa kijiji. Na niliona. Mkono wa malenge ulikuwa umevutwa kutoka kwenye matawi, umelazwa kwenye tope la bafu. Juu ya kifundo kulikuwa na jiwe, na kuzunguka jiwe majani ya malenge yalikuwa yamesimama kwa furaha kabisa, mapana kama sinia.

Lile jiwe nililijua. Lilikuwa jeusi, lenye vitundu vitundu, na upande mmoja lilikuwa limelika kwa ndani kama kisigino. Lilikuwa jiwe la kusugulia miguu la bafuni kwa baba mdogo. Kila Jumamosi nilijisugua nalo.

Malenge yanaweza kutembea. Yanaweza kupita ua, kukwea paa, kutafuta maji gizani. Nimeyastaajabia maisha yangu yote na bado nayastaajabia. Lakini malenge hayawezi kwenda bafuni kuchukua jiwe na kujiwekea mgongoni.

Mzee wa kijiji akalisogeza kwa akala yake, na mengine nimekwisha kuyasema.

Mama aliambiwa achague hapo hapo: arudi Moding kuwa mke, au aondoke. Aliingia ndani akafunga nguo zetu kwenye shuka. Alipotoka alikwenda kwenye lile tairi kubwa, akaushika ule mkono uliong'olewa, akaurudisha juu ya fito taratibu, kama anayefunika mtu. Hakumwambia mtu kwaheri.

Matairi baba mdogo aliyamwaga udongo, akampa fundi wa akala. Yalikatwa yote tisa. Kwa miaka kadhaa watu wa Malaba walitembea wamevaa bustani ya mama yangu, na kila nilipoona akala mpya nilitazama kama ina kiraka.

Tulikwenda Busia. Mama alibeba ndizi za watu kutoka mpakani hadi sokoni. Chumba tulichopata kilikuwa cha udongo, chini ya njia ya maji, na mvua ndefu zilipokuja maji yaliingia kwenye kitanda. Mdogo wangu alishikwa na homa, akafa kabla ya mvua kuisha. Sisemi jiwe lilimwua. Nasema pale Malaba chumba chetu kilikuwa kikavu. Shule niliacha mwaka huo. Mama aliishi muda mrefu baada ya hapo, na hakupanda tena kitu, hata dania kwenye kopo. Nilipomletea tairi siku moja, nikiwa mtu mzima na ploti yangu, alilipapasa ukingo akasema, "Peleka mbali." Nimemzika. Nimebaki mimi.

Nina matairi kumi na mawili sasa. Nayageuza mwenyewe, kwa maji ya sabuni na jua la saa saba, na kila moja linapojipindua moyo wangu unaruka kama siku ile. Malenge ninayo pia. Siyaamshi asubuhi. Nayaacha yaende yanakotaka, yashike yanapotaka, kwa sababu udongo ni wangu.

Kwa miaka mingi niliuliza nani kati ya wale wawili. Baba mdogo alitaka mama arudi awe wake. Mke wake alitaka aondoke kabisa. Jiwe moja liliwafaa wote wawili, na kila mmoja alikuwa anaingia bafuni lile. Baba mdogo amekufa. Mke wake bado yuko, haoni vizuri, na nilipomuuliza aliniambia mambo ya zamani yaliwe na mchwa.

Lakini mzee wa kijiji, ambaye siku zile uzee wake ulikuwa wa cheo tu, yuko hai. Anakaa benchi la mbele kanisani, watu wanampisha njia. Wewe uliyesema hewa sio ya ukoo, ukala mboga zetu, ndiwe uliyefika kwenye kile kifundo kabla ya wengine bila kutafuta, ukiwa umenyooka moja kwa moja kama mtu aliyeelekezwa. Na ndiwe uliyelisogeza. Asiyejua kitu angeliokota akauliza ni la nani.

Mzee, sikuulizi shamba, na mdogo wangu huwezi kumrudisha. Njoo Malaba ukiwa bado unatembea. Bafu lilibomolewa lakini miti ya maziwa ipo. Simama pale pale, mbele ya watu, na mimi nitasimama mbele yako, safari hii sitanyamaza. Sema nani alikwambia mahali pa kwenda. Sema nani aliliweka.